Haiskuli ya umma Marekani: makaratasi, krediti na mambo yanayowaponyoka wazazi

Mzazi aliyesoma Tanzania, Kenya au Kongo amezoea kuona safari nzima ya sekondari ikiamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho: Kidato cha Nne, KCSE au Examen d'État. Mwanafunzi anaweza kuchechemea miaka mitatu, akakaza msuli mwaka wa nne, na bado akatoka na cheti cha kuheshimika. Haiskuli ya umma ya Marekani haiendi hivyo. Majimbo mengi hayana mtihani wa kumaliza. Kinachompa mtoto diploma ni krediti anazokusanya somo kwa somo, muhula kwa muhula, tangu wiki ya kwanza ya gredi ya 9. Somo lililoanguka mwaka wa kwanza litabaki kwenye rekodi yake mpaka siku anapoomba chuo. Mzazi anayesubiri matokeo ya mwisho wa mwaka ndipo aulize mambo, huwa amechelewa.

Mfano wetu ni Lewiston, Maine, mji wa watu 37,000 hivi kando ya mto Androscoggin, wenye haiskuli moja tu ya umma. Wasomali walianza kuhamia huko mwaka 2001, wakafuatiwa na Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waangola, na leo Kiswahili si kigeni katika korido za shule hiyo. Aliye Bowling Green, Kentucky au Abilene, Texas atakuta sheria zile zile za serikali kuu, ila za jimbo zitatofautiana. Pale tunapotaja sheria ya Maine tutasema wazi.

Siku ya kuandikisha

Uandikishaji hufanywa na wilaya ya shule kabla mtoto hajaingia darasani. Beba uthibitisho wa anwani (mkataba wa pango au bili ya umeme yenye jina lako), hati inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa (cheti cha kuzaliwa, pasipoti au I-94, yaani rekodi ya kuingia Marekani), kadi ya chanjo, na kila karatasi ya shule uliyonayo, hata ripoti ya muhula iliyochanika. Kwa familia zilizokuja kama wakimbizi, karatasi nyingi zimo kwenye ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji lililowasafirisha. Usiache mfuko huo nyumbani, na usimkabidhi mtu karatasi halisi: toa nakala.

Shule haina ruhusa ya kumkataa mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler v. Doe. Namba ya Social Security pia si sharti la kuandikishwa. Fomu ikiwa na nafasi yake, iache wazi. Na kama familia imepoteza makazi, inalala kwenye makazi ya dharura, au imebanana sebuleni kwa shangazi kwa kukosa kodi, sheria ya McKinney-Vento inataka mtoto aandikishwe papo hapo hata kama hana bili wala kadi ya chanjo. Kila wilaya ya shule ina afisa wa kusimamia watoto hao. Mtaje kwa jina la sheria hiyo na utaona mlango ukifunguka haraka.

Sasa angalia vitu viwili kwa jicho kali kabla hujasaini: tarehe na majina. Marekani huandika mwezi kwanza. Mtoto aliyezaliwa 05/09/2009, yaani tarehe tano Septemba, ataingizwa kwenye kompyuta kama wa tarehe tisa Mei, na kosa hilo litamfuata kwenye chanjo, michezo na maombi ya chuo. Andika mwezi kwa herufi. Upande wa majina, watu wetu wengi hawana jina la ukoo linalorithiwa. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti mwishoni. Hiyo si shida, mradi kila mtoto aandikwe shuleni sawasawa na ilivyo kwenye I-94 au grinikadi yake, herufi kwa herufi. Atakayeitwa Juma shuleni na Jumaa kwenye grinikadi atakuja kuhangaika wakati wa kuomba mkopo wa chuo.

Mtoto anayeishi na mjomba au dada mkubwa ana suala jingine: nani ana mamlaka ya kisheria juu yake. Katika Maine ulezi huamuliwa na mahakama iitwayo Probate Court, na kwa muda mfupi mzazi anaweza kutoa karatasi ya kumkabidhi ndugu mamlaka hayo, ikasainiwa mbele ya notari. Ofisi ikikwambia "mlete mzazi," na mzazi yuko Bujumbura, uliza ni karatasi ipi watakayoikubali na uombe waiandike.

Kuna jambo linalowaumiza ndugu zetu wanaotaka kumleta mpwa asome. Mwenye viza ya kutembelea haruhusiwi kuanza masomo. Viza ya mwanafunzi, F-1, inamruhusu kusoma haiskuli ya umma, lakini tangu sheria ya mwaka 1996 ni kwa miezi 12 tu kwa jumla, na familia hulipa gharama yote ya masomo. Watoto wa mzazi mwenye F-1, wao wakiwa na F-2, husoma shule ya umma bila malipo. Njia nyingine ya halali ni programu za kubadilishana wanafunzi kwa viza ya J-1. Mojawapo, YES, imekuwa ikichukua vijana kutoka Kenya na Tanzania kwa mwaka mmoja, kisha hurudi kwao.

Chanjo: kwa nini kadi yako "haitoshi"

Kadi ya kliniki ya Tanzania au Kenya inaweza kuwa imejaa mihuri na bado shule ikasema haijakamilika. Sababu ni kwamba ratiba ya kwetu ina chanjo ya surua na rubela, lakini haina matumbwitumbwi; na tetekuwanga haimo. Marekani inadai vyote. Mtoto mkubwa asiye na rekodi hupewa dozi mbili za MMR (surua, matumbwitumbwi na rubela) na dozi mbili za tetekuwanga, zikiachana kwa angalau siku 28. Kwa haiskuli, Maine inataka pia Tdap (pepopunda, dondakoo na kifaduro) na chanjo ya uti wa mgongo, ambayo lazima iwe imekamilika kufikia gredi ya 12. Kama alishaugua tetekuwanga, mwombe daktari kipimo cha damu cha kinga. Kinaweza kuchukua nafasi ya sindano.

Tangu Septemba 2021 Maine haikubali tena kukataa chanjo kwa sababu ya dini au falsafa. Hata hivyo huna haja ya kumfungia mtoto nyumbani hadi dozi zote ziishe: sheria ya jimbo inaruhusu mzazi atoe ahadi ya maandishi kwamba atakamilisha ndani ya siku 90. Omba fomu hiyo. Na wakimpima kifua kikuu, waambie alichomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni. Kipimo cha ngozi huweza kuchanganyikiwa na BCG, cha damu hakichanganyikiwi.

Fomu ya lugha ya nyumbani

Katika makaratasi kutakuwa na maswali mafupi: mtoto alianza kusema lugha gani, nyumbani mnasema lugha gani. Wazazi wengi, hasa waliosoma Kenya, Uganda au sekondari za Tanzania, huandika Kiingereza kwa kuogopa mtoto kuonekana mjinga. Usifanye hivyo. Andika ukweli. Jibu la Kiswahili, Kinyarwanda au Kibembe humpeleka mtoto kwenye kipimo cha Kiingereza, ambacho Maine na majimbo mengine mengi hutumia cha WIDA: kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika, kwa alama za 1 hadi 6. Kijana anayezungumza vizuri uwanjani anaweza kupata 5 kwenye kusema na 2 kwenye kuandika, na ni hiyo 2 itakayomwangusha katika historia na biolojia asiposaidiwa.

Shule inatakiwa kukujulisha matokeo na mpango wa msaada ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze. Una haki ya kukataa madarasa hayo ya msaada, ila mtoto ataendelea kufanya kipimo kila mwaka, kwa kawaida Januari au Februari, hadi avuke alama ya jimbo. Msaada wa lugha pia si sababu ya kumnyima hesabu na sayansi za kiwango chake. Ratiba ya mtoto wa gredi ya 10 ikijaa vipindi vya Kiingereza cha wageni na vya kujisomea, bila sayansi hata moja, peleka swali kwa mkuu wa idara ya lugha, na kwa maandishi.

Gredi gani, krediti ngapi

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza mwaka mzima bila kujua.

Haiskuli ni gredi nne, 9 hadi 12. Somo la mwaka mzima kwa kawaida ni krediti 1, la muhula mmoja ni nusu. Maine, kwa sheria ya jimbo, haitoi diploma bila miaka 4 ya Kiingereza, 2 ya hesabu, 2 ya sayansi ambayo mmojawapo ni wa maabara, 2 ya historia na maarifa ya jamii ikiwemo historia na serikali ya Marekani, na 1 ya sanaa. Juu yake huongezwa afya, mazoezi ya mwili na masomo ya hiari. Hicho ni kima cha chini cha kutoka shuleni. Vyuo vikuu vinataka zaidi: Chuo Kikuu cha Maine kinataka aljebra mbili na jometri, maana yake miaka 3 ya hesabu si anasa.

Mtoto anapofika na miaka 16 bila karatasi, kompyuta humwona ana krediti sifuri, na njia nyepesi kwa ofisi ni kumweka gredi ya 9. Dawa yake ni karatasi. Ripoti za Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu, zenye muhuri na orodha ya masomo, zinaweza kugeuzwa krediti. Matokeo ya Kidato cha Pili na cha Nne ya Tanzania yamo kwenye tovuti ya NECTA, baraza la mitihani la huko, yamepangwa kwa shule: chapisha ukurasa na upige mstari chini ya namba ya mtoto. Waliosoma kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wafahamu kwamba shule za Wakongo kambini zimekuwa zikifuata mtaala wa Kongo na za Warundi mtaala wa Burundi, kwa hiyo bulletin (ripoti) zao ni za Kifaransa. Ziombee tafsiri kamili, zikiwa na masomo yote na saa za juma. Shule za kwetu hufundisha masomo 9 au zaidi kwa wakati mmoja, na anayepitia rekodi asipojua hilo huhesabu matano anayoyatambua na kuacha mengine. Kaa naye, pitia somo kwa somo. Kifaransa cha mtoto wa Kongo na Kiswahili cha mtoto wa Tanzania ni krediti za lugha ya kigeni. Uraia unaweza kuingia kwenye maarifa ya jamii.

Kalenda nayo inapotosha. Mwaka wa Tanzania na Kenya huanza Januari, wa Maine huanza mwisho wa Agosti na kuisha Juni. Aliyemaliza muhula wa kwanza wa Kidato cha Tatu akahama, asionekane kama hakusoma kitu mwaka huo: omba nusu krediti kwa kila somo alilokamilisha. Kwa upande mwingine, kijana mwenye Diplôme d'État amekwisha kumaliza sekondari. Kumrudisha haiskuli ili ajifunze Kiingereza ni kumpotezea muda. Chuo cha jamii kina madarasa ya lugha kwa watu wazima.

Hesabu inahitaji neno la pekee. Marekani huikata vipande: Aljebra 1 mwaka huu, Jometri mwaka ujao, Aljebra 2 mwaka wa tatu. Kwetu vyote hufundishwa pamoja. Kijana wa Kidato cha Tatu anayefumbua milinganyo ya kwadratiki bila shida, akiwekwa Aljebra 1 kwa sababu ya Kiingereza chake, atachoka ndani ya mwezi mmoja, na hatafika hesabu ya juu kabla ya kumaliza shule. Omba apimwe hesabu peke yake, kwa mkalimani au kwa maswali yenye namba tupu. Kabla ya kipimo mkumbushe mambo yanayoweza kumkwaza asivyostahili: futi na inchi, joto la Farenhaiti, na kwa waliosoma kwa Kifaransa, koma ya desimali ambayo hapa ni nukta. Kwao 3,500 ni tatu na nusu. Hapa ni elfu tatu na mia tano.

Swali moja la mwisho, nalo lisisahaulike: je, darasa la Kiingereza cha wageni linahesabiwa kwenye ile miaka 4 ya Kiingereza, au ni somo la hiari? Jibu hutofautiana kati ya wilaya na wilaya, na hata kati ya ngazi na ngazi ndani ya shule moja. Vijana hufika gredi ya 12 wakiwa na vipindi vingi vya Kiingereza na krediti 2 tu za Kiingereza cha diploma. Muulize kaunsela, kisha omba transkripti isiyo rasmi (orodha ya masomo, alama na krediti zake) na uihesabu mwenyewe kwa kalamu, kila Februari na kila Juni. Februari kwa sababu masomo ya mwaka unaofuata huchaguliwa kati ya Februari na Machi. Juni kwa sababu somo lililoanguka linaweza kurudiwa kiangazi. Kubadilisha somo lisilofaa kuna dirisha fupi, mara nyingi wiki mbili za mwanzo wa muhula.

Alama hujengwa kila wiki

Chukua darasa ambalo mitihani ina uzito wa asilimia 50, miradi 30 na kazi za nyumbani 20. Mtoto anayepata 85 kwenye mitihani na 85 kwenye miradi, lakini hakukusanya kazi hata moja ya nyumbani, anabaki na 42.5 jumlisha 25.5, yaani 68. Pale ambapo kufaulu ni 70, ameanguka, na krediti hana, ingawa somo analijua. Hii ndiyo namna watoto wetu wenye akili wanavyofeli. Si uvivu kila mara: kazi nyingi hukusanywa kwenye kompyuta ya shule, na nyumbani intaneti haipo au anayeitumia ni mdogo wake. Shule nyingi hukopesha kompyuta, na baadhi hukopesha kifaa cha intaneti. Uliza maktaba ya shule.

Kila mzazi hupewa namba ya kufungulia akaunti yake kwenye mfumo wa alama. Fungua yako, usitumie ya mtoto, kwa sababu ya mzazi huonyesha na mahudhurio. Jumapili jioni angalia kazi zilizoandikwa kuwa hazikukusanywa. Walimu wengi hupokea kazi iliyochelewa ndani ya siku chache kwa kukata alama, na alama 60 ni bora mara nyingi kuliko sifuri.

Kijana anayefanya kazi dukani au mgahawani usiku naye aangaliwe. Maine haimruhusu wa miaka 16 na 17 kupita saa 24 kwa wiki wakati shule zimefunguliwa, wala kubaki kazini baada ya saa nne na robo usiku kesho yake kukiwa na shule. Aliye chini ya miaka 16 anahitaji kibali, na karatasi zake huanzia ofisi ya mkurugenzi wa wilaya ya shule.

Kutokuwepo

Mwaka una siku 180 hivi. Akikosa asilimia 10, siku 18, anaingia kundi la watoro wa kudumu hata kama kila siku ilikuwa na sababu nzuri. Utoro wa kisheria ni kitu kingine: kwa Maine, mwanafunzi aliyepita gredi ya 6 huhesabiwa mtoro akikosa bila udhuru siku 10 kwa jumla au siku 7 za shule mfululizo. Wiki tatu za harusi Mwanza ni siku 15 za shule. Ukilazimika, omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kukata tiketi, chukua kazi za kila mwalimu, na uliza kama jina lake litabaki kwenye orodha.

Idd na Krismasi ya Kiorthodoksi ni udhuru halali kwa sheria ya Maine, mradi umepiga simu au umeandika barua. Ugonjwa na miadi ya daktari pia. Kosa kubwa ni kunyamaza: mtoto yuko kitandani ana homa, mzazi yuko zamu ya asubuhi, hakuna aliyepiga simu, na siku inaandikwa haina udhuru. Hifadhi namba ya ofisi ya mahudhurio kwenye simu; hupokea ujumbe usiku kucha. Taja jina, gredi, tarehe na sababu, basi.

Siku za theluji shule hufungwa au huchelewa saa mbili, na taarifa hutumwa alfajiri kwa simu na meseji. Ukibadilisha namba ya simu bila kuiambia shule, mtoto atasimama kituoni kwenye baridi ya chini ya sifuri akisubiri basi lisilokuja.

Chuo cha ufundi ndani ya haiskuli

Tungependa wazazi wetu walichukulie hili kwa uzito kuliko wanavyofanya. Lewiston ina kituo cha ufundi cha mkoa, LRTC, kinachopokea vijana wa haiskuli za jirani kwa sehemu ya siku bila ada. Humo mna ufundi wa magari, mapishi na uuguzi msaidizi, ile CNA ambayo wengi wenu mmeilipia mkiwa watu wazima. Kijana huendelea na diploma yake ya kawaida, na chuo kikuu hakimkatai kwa sababu hiyo. Nafasi zake huombwa mwaka mmoja kabla, na mahudhurio mabaya ya gredi ya 10 humwangusha mwombaji kabla hata hajasomwa alama zake. Vituo vya namna hii vimeenea Maine nzima na majimbo mengine.

Michezo

Timu ya soka ya wavulana ya Lewiston ilitwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2015 chini ya kocha Mike McGraw, ikiwa imejaa vijana wenye asili ya Afrika, na tangu hapo kila kijana anayefika mjini anataka jezi ya bluu. Soka Maine ni mchezo wa msimu wa majani kupukutika. Mazoezi huanza katikati ya Agosti, kabla shule haijafunguliwa, na anayekuja Septemba hukuta kikosi kimeshachaguliwa. Panga uchunguzi wa daktari mwezi Juni, kwa sababu Julai na Agosti miadi hujaa. Anayefeli masomo hukaa benchi. Kuna kikomo cha umri pia, ndiyo maana tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa huuma tena hapa. Hijabu haimzuii binti kucheza.

Mkutano, barua na mkalimani

Mkalimani ni haki yako, bure, kwa kila jambo zito: kikao cha mwalimu, adhabu, elimu maalumu. Haki hiyo imo kwenye sheria ya haki za raia ya 1964. Mtoto asimkalimanie mzazi wake, na wala asimkalimanie jirani. Unapopigiwa simu, inatosha kusema "Swahili interpreter, please" na kungoja. Sema pia Kiswahili cha wapi. Mkongo wa Bukavu na mkalimani wa Zanzibar huweza kupotezana katika maneno ya shule.

Shule ikitaka kumpima mtoto kwa elimu maalumu, hawawezi kuanza bila saini yako. Usisaini kwa adabu tu. Uliza kipimo kitafanywa kwa lugha gani, maana mtoto asiyejua Kiingereza akipimwa kwa Kiingereza anaweza kuonekana ana ulemavu asio nao. Na kama kweli ana tatizo la kusikia, kuona au kusoma, usilifiche kwa aibu: msaada unaotokana na IEP, yaani mpango wa mtoto wa elimu maalumu, hauonekani kwenye diploma.

Kwenye adhabu, mwanafunzi hafukuzwi hata kwa siku chache bila kuambiwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujieleza. Hiyo ni Goss v. Lopez ya mwaka 1975. Kufukuzwa zaidi ya siku 10 kunahitaji kikao rasmi. Nenda na mkalimani, nenda na mtu wa pili wa kuandika.

Walimu, manesi na makaunsela wanabanwa na sheria kuripoti dalili za mtoto kupigwa. Alama ya fimbo mguuni hupelekwa serikalini hata kama mwalimu anakupenda. Zungumzeni hili nyumbani mapema, ninyi wazazi wenyewe kwanza.

Anayefika na miaka 17, 18, 19

Baadhi ya ofisi humshauri kijana mkubwa aende elimu ya watu wazima siku ile ile anapofika. Ni njia nzuri kwa wengine: Maine ina mtihani wa HiSET, unaosimama badala ya diploma ya haiskuli, na diploma ya watu wazima, na ratiba ya jioni humfaa mwenye familia. Lakini uamuzi ni wenu. Sheria ya Maine inampa nafasi haiskuli yule ambaye hajatimiza miaka 20 kabla mwaka wa masomo kuanza. Wa miaka 17 mwenye krediti 6 zilizokubaliwa ana muda wa kumaliza akisoma na kiangazi. Fanyeni hesabu hiyo mezani na kaunsela, krediti zinazobaki gawanya kwa mihula iliyopo, kabla hamjasaini karatasi yoyote ya kumtoa.

Akifika miaka 18 siri za rekodi zake zinakuwa mali yake. Shule inaweza kukataa kukwambia alama za mwanao mpaka asaini ruhusa. Asaini wiki ya siku yake ya kuzaliwa.

Gredi ya 12

Agosti: transkripti, hesabu ya mwisho ya krediti. Oktoba: fomu ya FAFSA ya msaada wa chuo, ambayo kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1. Mwenye grinikadi, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanastahili. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri hastahili msaada wa serikali kuu. Mzazi asiye na namba ya Social Security bado anaweza kufungua akaunti na kusaini upande wake, kwa hiyo asimzuie mtoto kwa sababu hiyo. Msaada wa jimbo la Maine una mwisho wake tarehe 1 Mei. Kuna pia muhuri wa lugha mbili kwenye diploma, na Kiswahili au Kifaransa cha nyumbani kinaweza kuupata kwa kipimo. Ulizieni kwa mwalimu wa lugha mwanzoni mwa mwaka.

Jina na anwani ya mtoto hupewa jeshi likiomba, isipokuwa mzazi ameandika barua ya kukataa. Barua hiyo hupelekwa ofisi kuu ya shule, na hupokelewa wakati wowote. Na kabla ya shule kufungwa Juni, chukueni nakala tatu au nne za transkripti ya mwisho zilizofungwa kwenye bahasha na kupigwa muhuri. Chuo hakipokei bahasha iliyofunguliwa.